Msimu wa Shubiri Tamu

Jumatatu, 7 Oktoba

Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na kwa muda mrefu asubuhi hii hatukuwa na mlima, wala jirani, wala choo. Nilisimama mlangoni na mwanangu Kajuju mgongoni, nikahisi tuko ndani ya kibuyu cha maziwa na mtu ametuzibia kizibo. Kwetu Gachoka, huko Mbeere, jua huamka kabla ya watu. Hapa Githongo jua ni mgeni wa heshima, likija kila mtu hutoka nje kulilaki.

Leo tumeanza kuchuma kahawa, zile chache zilizotangulia kuiva. Mama mkwe alinionyesha tena jinsi ya kuzungusha tunda ili kikonyo kibaki mtini, ingawa huu ni msimu wangu wa tatu na kila msimu hunionyesha. Niliitika, "Ndiyo, mama," nikazungusha. Yeye si msemaji. Ukikosea hafoki, hunyamaza tu, na mimi ningependa afoke.

Baba mkwe hakushuka shambani. Alikaa barazani, mguu wa kulia juu ya kigoda, akitusikiliza tu maana ukungu haukumruhusu kutuona. Ana kidonda chini ya kidole gumba tangu Agosti. Kijiwe kiliingia kwenye gambuti yake ya mpira akatembea nacho siku nzima bila kukisikia, kwa sababu ugonjwa wa sukari umeshamla hisia za nyayo. Ijumaa mume wangu Mwenda alimpeleka hospitali kule Meru mjini. Daktari alisema sukari iko juu mno, na kidonda hakiwezi kupona hivyo. Isiposhuka kufikia Krismasi, mguu utakatwa.

Mwenda aliniambia hayo akiwa amegeukia ukuta. Nilimgusa bega, nikalia kidogo, kisha nikaenda kuwasha moto kwa sababu chai ya watu haijui huzuni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua. Nepi hazikauki. Nimezitandaza juu ya sufuria ya maharagwe na sasa mtoto wangu ananukia githeri.

Jumapili, 13 Oktoba

Wageni wa kanisani walikuja kumwona baba. Huku, kama kwetu, mtu haendi kwa mgonjwa akipunga mikono. Zamani wangeleta sukari, mkate na soda. Sasa mgonjwa ni wa sukari, na watu waliteseka wakijiuliza walete nini, mpaka Maxine akawapa jibu.

Maxine ni wifi yangu, kifungua mimba wa baba. Anafanya kazi katika ofisi mjini Meru, na viatu vyake vya kisigino huzama kwenye matope yetu hadi naona haya kwa niaba ya matope. Ndiye aliyeleta chupa ya kwanza ya kijani, kinywaji cha alovera, chenye vipande vyeupe vinavyoelea ndani kama barafu isiyoyeyuka. "Hii ni natural kabisa, baba," alisema. "Ni ile shubiri tu ya kawaida, ni vile imetengenezwa vizuri."

Na nani atabisha? Shubiri sote tunaijua. Tuliachishwa ziwa nayo. Kuku wakiingiwa na kideri hukatiwa shubiri kwenye maji yao. Kitu kinachofukuza kideri, watu wanasema, kitashindwaje na sukari? Basi tangu mwezi uliopita kila anayekuja ana chupa ya kijani kwapani. Baba humimina, hunywa pamoja na mgeni hadi mwisho, kwa maana kukiacha alichokuletea mtu ni kumwacha mtu mwenyewe. Leo walikuja saba.

Mimi niliosha glasi. Mkaza mwana wa nyumba hii hamkodolei baba mkwe macho, haketi kochi alilokalia, na akiwa na neno hulipitisha kwa mama mkwe kama anayepitisha sahani dirishani. Nimezoea. Wakati mwingine naona raha kuwa kivuli, kivuli husikia mengi.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeota mto wa Gachoka umejaa maua ya kahawa badala ya maji. Nilikuwa nimepiga magoti nikiyachota kwa viganja na kuyanywa. Niliamka na kiu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Baba anakunywa chai kavu, kavu kabisa, na anaikunjia uso kila mara kama anayesalimiwa na adui. Ameacha ndizi mbivu. Ameacha mandazi, yeye aliyekuwa akipigiwa simu na mwenye hoteli mandazi yakitoka. Ugali ni wa kukisia kwa kiganja. Lakini leo Mwenda alipompima kwa kile kimashine, namba ilikuwa pale pale juu, imekaa kama kunguru kwenye paa.

Mama mkwe aliiangalia namba, akainuka. Aliingia chumbani, akasikika akipekua mifuko ya makoti. Kisha akatoka, akabeba mkungu wa ndizi zilizoiva kutoka stoo, akaufungia kwenye sanduku lake la nguo.

"Nkirote," baba alimwambia mkewe kutoka barazani, taratibu, "mimi si panya."

Mama mkwe alitia ufunguo kifuani. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa upande wa ufunguo. Nilimwona baba nikasema moyoni, mzee, unaiba wapi? Mtu mzima anakaribia kupoteza mguu kwa ajili ya ndizi. Nilimchukia kidogo jioni hii, nikampelekea maji ya kunawa bila kuyapima joto kwa mkono kama kawaida.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo nimemwachisha Kajuju ziwa. Ana mwaka na nusu, meno yake yamekuwa makali, nami nachoka. Mama mkwe alikata jani la shubiri kwenye ua, akaniachia juu ya meza bila maneno. Nilijipaka ule utomvu wa manjano. Mtoto alikuja mbio akicheka, akashika, akaonja, akanitazama. Sitasahau alivyonitazama. Kisha akapasua kilio kilichofika nafikiri mpaka kwenye kiwanda cha kahawa.

Baba alinyoosha mikono kutoka kitini, mama mkwe akampelekea mtoto. "Wamekufanyia nini, mama yangu?" akamuuliza, maana Kajuju amepewa jina la mama mzazi wa baba. Akamnywesha kidogo kutoka glasi yake ya alovera ili amfutie machungu.

Kajuju alinyamaza katikati ya kilio. Akalamba midomo. Akaikamata glasi kwa mikono yote miwili, akanywa mpaka ikaisha, kisha akalilia nyingine kwa hasira zaidi ya alivyolilia ziwa.

Baba alicheka. Mama mkwe alicheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na uchungu wa shubiri ungali vidoleni. Nilipoenda kuosha glasi nilinyonya tone lililobaki. Lilikuwa tamu. Lilinikaa kwenye meno kama peremende ya harusi.

Bila shaka ni tamu. Sote tunajua ni tamu, tumewasikia wageni wakisifu. Lakini leo nimeonja vyote viwili saa moja, na nimeshindwa kuvikutanisha.

Nilimuuliza Mwenda. Akasema, "Kiwanda kimetoa uchungu."

"Na kimetia nini mahali pake?"

"Ruguru, please. Usilete vita. Ni Maxine ndiye analeta hiyo kitu, na baba ndiye anapenda. Wewe unataka kusema nini, ati dada yangu anamuua babangu?"

Sikutaka kusema hivyo. Nilinyamaza, lakini si kunyamaza kwa mama mkwe. Kwangu kulikuwa kwa mtu anayetafuta pa kushika.

Jumanne, 29 Oktoba

Ukungu mchana kutwa. Sauti za wachumaji zinatoka pasipo na watu. Nilimsikia mtu akiimba pambio karibu kabisa na sikio langu, na alikuwa ng'ambo ya bonde.

Jumamosi, 2 Novemba

Nilichukua chupa tupu nikaketi nayo nyuma ya nyumba. Mbele kuna picha ya jani nene lenye tone la maji, zuri hata ukalionea kiu. Nyuma kuna Kiingereza kidogo kama mayai ya chawa. Nilisoma polepole. Maji yametangulia. Kisha sukari, imetajwa kwa jina lake bila aibu. Kisha maji ya zabibu yaliyokolezwa, ambayo nayo ni sukari iliyovaa koti. Kisha asali. Shubiri yenyewe imekuja baadaye, kama mwenye arusi aliyekaribishwa mlango wa nyuma.

Kumbe mzee hakuwa mwizi. Alikuwa akinyweshwa mchana, mbele ya watu, kwa maombi. Moyo uliniuma kwa yale maji ya kunawa.

Nilimsubiri mama mkwe kwenye mahindi nikamweleza. Aliendelea kung'oa magugu. Nikadhani hakusikia.

"Maxine amesoma," akasema mwishowe. "Angeona."

"Pengine hakugeuza chupa, mama. Nani hugeuza zawadi kuangalia mgongo wake?"

Alinitazama kidogo, kisha akaendelea na magugu.

Jumanne, 5 Novemba

Nitaandika yote, maana leo kumetokea jambo.

Mvua ilikuwa nyingi, kuchuma hakukuwezekana. Nilimwomba mama mkwe chupa moja katika zile zilizopangwa chini ya kabati. Hakukataa, hakukubali. Nikaichukua. Niliimimina yote kwenye sufuria safi, nikaiteleka mekoni, nikaketi. Kwetu shangazi yangu alikuwa akitengeneza jemu ya maembe ya kuuza, na najua kitu kimoja: maji huondoka, sukari haina pa kwenda.

Ilichemka. Vipande vyeupe vilicheza, vikanywea. Mvuke ulipanda ukajichanganya na moshi, ukapita kwenye matundu ya mbao kwenda nje. Nilikuwa karibu kusinzia, nikiwaza jinsi harufu nzuri isivyo na mwenyewe, niliposikia fimbo. Baba alikuwa kwenye mlango wa jiko.

Mzee wa huku haingii jikoni. Katika misimu hii yote sijawahi kumwona hata akiinamisha kichwa kutazama ndani. Nilisimama nikashusha macho. Alikuwa ameegemea mwimo, mguu wenye bandeji ameuinua kidogo.

"Hapa kuna harufu ya peremende," alisema, kama mtu anayeota.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi. Alinyanyuka, akachukua mwiko, akauchovya kwenye sufuria, akauinua. Kilichobaki mle ndani kilikuwa cha rangi ya kahawia, kizito, kinang'aa. Kiliufuata mwiko kwa uzi mrefu, mwembamba, usiokatika.

"Hii ni nini?" baba aliuliza.

"Ni chupa yako moja," mama mkwe alisema.

Mvua ilipiga mabati, ikatulia, ikapiga tena. Baba aliutazama ule uzi mpaka ukakatika wenyewe.

"Moja," alisema.

"Moja, Salesio," mama mkwe alimjibu.

"Na Jumapili nilikunywa na watu wangapi?"

Baba aligeuka. Alirudi barazani kwa fimbo yake, na chai ya saa kumi hakuigusa. Mama mkwe aliweka sufuria chini, akapapasa kifuani, akatoa ufunguo wa sanduku. Akaenda akautoa ule mkungu wa ndizi, umeshaoza, akawatupia nguruwe.

Ijumaa, 8 Novemba

Naandika haya usiku wa manane.

Nilikuwa shambani chini kabisa, karibu na mto, tangu asubuhi. Mama mkwe alibaki na baba. Sikujua alichokuwa akifikiria siku hizi tatu za ukimya wake. Alifikiria hivi: kama shubiri ya chupa ni ya uongo, basi dawa ni shubiri ya kweli. Alikata majani manene kwenye ua, akayatwanga na maganda yake na ule utomvu wa manjano, akachuja, akampa baba kikombe kizima. Na baba, ambaye alikuwa anajilaumu kwa utamu wote ule, alikunywa uchungu wote huu kama kitubio.

Nilipopanda na kikapu nilikuta choo kiko wazi na baba amelala kwenye nyasi, mvua inamnyeshea. Tumbo lilikuwa limemkamua mpaka hana nguvu ya kusimama. Midomo ilikuwa myeupe. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye tope amempakata kichwa, anamwita jina lake la ujana ambalo sikuwahi kulisikia. Nilipiga ukelele. Kaburu, jirani, alikuja na pikapu yake, tukamlaza baba juu ya magunia ya kahawa.

Kwenye zahanati Daktari Mwirigi alimtundikia maji ya mshipani. Ni kijana mpole, lakini leo alikuwa mkali. "Ule utomvu wa manjano ni wa kuharisha, mama. Na huyu mzee yuko kwa dawa na figo zake si za kuchezewa. Mngempoteza."

Maxine alifika akiwa na nguo za ofisi, zimelowa. Hakumsalimu mtu. Alitazama lile jani la shubiri ambalo mama mkwe alikuwa amelibeba kumwonyesha daktari, kisha akanitazama mimi, na nilijua wamemwambia habari za sufuria.

"Ni wewe," alisema. "Ulikataa dawa yangu, ukamletea baba vitu za kienyeji za kwenu Mbeere. Unataka kuniua baba?"

Watu wote kwenye benchi walinigeukia. Ningesema nini? Nikisema si mimi, namtaja mama mkwe. Nilimkumbatia Kajuju nikatazama sakafu, na machozi yalinitoka kwa hasira, si kwa huzuni, yaandikwe hivyo.

Mama mkwe alisimama. Tope lilikuwa limemkaukia kwenye leso.

"Ni mimi nilikata. Ni mimi nilitwanga," alisema, kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Wewe Maxine ulileta tamu, mimi nikaleta chungu. Huyu mtoto wa watu hakuleta kitu. Huyu ndiye aligeuza chupa akasoma. Muombe msamaha ama unyamaze."

Maxine alinyamaza. Kisha akatoka nje, visigino vikigonga simenti, akaondoka bila kuaga.

Mama mkwe aliketi karibu nami. Alimchukua Kajuju kutoka mikononi mwangu ili nipanguse uso.

Jumapili, 10 Novemba

Baba amerudi. Daktari Mwirigi alimwambia, "Mzee, kinywaji chako ni maji. Ukitaka yawe na jina, tia kipande cha limau. Chai, bila sukari. Uji wa wimbi kidogo, bila sukari. Tunda litafune, usilinywe. Na hizo juisi za afya, geuza chupa kwanza." Baba aliitikia kila sentensi kama katekisimu.

Jumatano, 13 Novemba

Kahawa imewaka. Miti imekuwa myekundu kwa usiku mmoja. Hatuli, hatuogi, tunachuma.

Jumapili, 17 Novemba

Mama mkwe alitoa glasi za harusi yake. Tulikata limau vipande vyembamba, tukatia na majani ya mnanaa yaliyojiotea karibu na bomba, tukamimina maji ya kisima yaliyochemshwa na kupoa. Yalipendeza kutazama. Nilijiona ninaishi kwenye nyumba ya mtu tajiri aliyelala.

Wageni walikuja na chupa zao. Baba aliwashukuru, akasema amekatazwa, akawaomba warudi nazo. Mama Muriuki alikunja uso. "Kwani tumekuletea sumu, mzee? Hata katibu wa kiwanda anakunywa hii."

"Mama Muriuki," baba alisema, "ungekuwa umeniletea mbuzi, ningekula mbuzi?"

"Ungekula."

"Na mguu ukikatwa, hao mbuzi nitawafuata na nini?"

Walicheka, lakini kicheko cha nusu. Walikunywa maji yetu taratibu wakiyatafuta ladha, wakaaga mapema, wakabeba chupa zao kwapani kama watu waliofukuzwa kanisani.

Jumapili, 24 Novemba

Hakuna mgeni aliyekuja. "Mkono mtupu haulambwi," mama mkwe alisema akirudisha glasi kabatini. Ni kweli, wanaona aibu kuja bila kitu, na hawajui walete nini. Maxine hajakanyaga hapa tangu zahanati. Baba alikaa barazani amevaa koti lake la ibada mpaka giza likaingia, akitazama njia. Nilimhurumia kuliko siku ile kwenye nyasi.

Alhamisi, 28 Novemba

Nilirudi kuchukua magunia nikamkuta peke yake. Ilikuwepo chupa moja iliyosahaulika nyuma ya redio. Alikuwa ameifungua. Hakuwa amekunywa, alikuwa ameishika tu kwa mikono miwili, akiinusa, na macho yake yalikuwa mbali. Nafikiri hakuwa anatamani utamu. Alikuwa anatamani watu.

Mama mkwe alikuwa mtoni. Mwenda kiwandani. Hapakuwa na dirisha la kupitishia sahani.

"Baba," nilisema. "Usinywe."

Sauti yangu ilitoka kubwa mno. Nilitamani ukungu uje uninyakue. Yeye aligeuka polepole akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza nami nikamtazama. Ana macho ya Kajuju.

"Mama Kajuju," alisema, "kwani una sauti?"

"Ninayo, baba."

"Miaka mitatu nilidhani Mwenda ametuletea picha."

Nilicheka, nikaziba mdomo, nikacheka tena. Alinipa chupa. Niliimwaga kwenye mizizi ya mgomba, na kabla sijarudi sisimizi walikuwa wameshajipanga mstari kuelekea pale. Kisha nilimletea maji yake yenye limau, nikaketi. Si kwenye kochi, kwenye ngazi. Aliniuliza kama kweli kwetu watu hulala nje wakati wa joto. Nikamwambia ndiyo, na kwamba nyota huwa karibu mpaka unaona haya kubadilisha nguo. Tulizungumza mpaka mama mkwe akatokea na mtungi, akatuona, akasimama. Nikainuka haraka. Akanionyesha kwa kidevu: keti.

Jumatatu, 2 Desemba

Namba imeshuka. Bado si nzuri, lakini imeteremka kutoka kwenye paa. Mwenda alipima mara ya pili kwa sababu hakuiamini, akatabasamu mpaka nikamkumbuka alivyokuwa tulipokutana kule Embu.

Jumatatu, 9 Desemba

Baba anachambua kahawa barazani, mbivu huku, mbichi kule. Anaongea na kila punje. Kingo za kidonda zimekuwa za waridi, kama ndani ya mdomo wa mtoto. Mama mkwe huniita nikitazame kila asubuhi, naye huinama karibu nami mpaka vitambaa vyetu vya kichwa vinagusana.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua imeacha. Mlima umejitokeza wote, na theluji yake, bila kuombwa.

Ijumaa, 20 Desemba

Hawatakata!

Daktari wa Meru aliugeuza mguu huku na huku, akasoma vipimo, akasema sukari imekuja mahali inaposikia dawa, na kidonda kinafunga. Mguu unabaki. Ila hisia, alisema, zilizokufa kwenye nyayo hazina ahadi ya kurudi. Lazima kila siku mtu auoshe, aukague, apime maji kwa mkono wake kwanza, maana mwenyewe anaweza kuungua asijue.

Nililia jikoni. Mama mkwe aliimba wimbo mzima wa kanisani, beti zote, sauti yake ni nzuri na ameificha miaka hii yote.

Jioni simu yangu ililia. Maxine. Hakusema habari za zahanati, wala mimi. Nilimsikia akipumua, na nyuma yake kelele za stendi.

"Mwenda ameniambia," alisema. "Nataka kukuja Krismasi. Ruguru... nimletee nini?"

Sikujua ana hofu hivyo. Wakati wote nilidhani zile chupa ni za majivuno, za kuonyesha mjini kuna nini.

"Njoo tu," nilimwambia.

"Mikono mitupu? Kwa baba?"

"Njoo hivyo hivyo."

Alikata simu.

Jumatano, 25 Desemba

Tulitoka kanisani tukala. Alasiri ilikuwa ya dhahabu, ya uvivu, moshi wa nyama umelala juu ya kahawa iliyokwisha kuchumwa. Nilikuwa nusu usingizini barazani nilipomwona Maxine akipanda njia. Alikuwa amevaa raba. Hakuwa na mfuko, hata mkoba hakuwa nao, na mikono ilimwelea pembeni kana kwamba si yake. Mara aliikunja kifuani, mara aliificha nyuma.

"Krismasi njema, baba," alisema, akasimama pale pale uani.

"Umekuja, mwanangu," baba alisema.

"Sijakuletea kitu."

Mama mkwe alikuwa anatoka jikoni na beseni la kuoshea mguu. Ilikuwa ndiyo saa yake. Alimtazama binti yake, akatembea mpaka alipo, akamwekea lile beseni mikononi.

Maxine alipiga magoti. Alichovya kiwiko kwanza kupima joto, jinsi tunavyofanya kwa watoto, kisha akafungua bandeji. Hakuwa amekiona kidonda tangu Oktoba. Aliuinua mguu kwa viganja vyote viwili, akauteremsha majini polepole, akaanza kuupitishia maji kidole kwa kidole. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Macho yake yaliponifikia, alisema, "Pole, Ruguru." Nikamsogezea taulo.

Baba alikuwa ametulia, anaangalia chini, anaitazama ile mikono.

"Maji ni ya moto ama ni baridi?" alimuuliza. "Mimi siskii."

"Ni ya vuguvugu, baba."

"Haya," alisema, akafumba macho. "Usitoe mikono haraka."